Vifaa vya modeli tulivyonunua karibuni, na jinsi hewa ya bahari inavyovila

Tezo Ndogo (Raskazone, Tanga)

Assalaam aleikum wadau, na habari za jioni. Nimeona nifungue uzi mmoja wa kuwekea hesabu ya vifaa tulivyonunua tangu mwaka uanze, maana kila wiki mtu ananiuliza pembeni ni kisu kipi kinafaa au ni gundi gani aikwepe, namjibu, na jibu linaishia hapo hapo. Atakayechangia namwomba aseme alichonunua, kazi aliyokifanyia, na hali ya kitu chenyewe baada ya kukaa miezi kadhaa katika hewa yetu hii. Kifaa kikiwa bado kwenye karatasi yake kila mtu hukisifu.

Kwa asiyenifahamu, mimi naunda modeli ya jahazi kwa kipimo cha 1:50. Chombo cha mita 15 kinakuwa na sentimita 30 mezani, na ubao wa ubavuni wenye unene wa milimita 40 unabaki milimita 0.8, kwa hiyo nafasi ya nusu milimita kati ya ubao na ubao, ambayo kwenye chombo chenyewe ingezibwa kwa pamba ya kalafati na kusahauliwa, kwangu mimi ni zaidi ya nusu ya unene wa ubao. Ndiyo sababu ununuzi wangu wa kwanza ulikuwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na ndiyo sababu niliharakia ya kidijitali, ile yenye kioo kidogo cha namba, nikidhani kwamba namba zikionekana kubwa kipimo nacho kitakuwa cha kweli zaidi.

Mwezi wa pili kioo kilikuwa kitupu. Nikabadilisha betri, nayo ikafa baada ya wiki chache ingawa nilikuwa naizima kalipa kila ninapomaliza kazi. Nilipouliza nikaelezwa kwamba kalipa nyingi za bei ya chini hazizimiki kwa kweli: kitufe kinazima kioo tu, na sakiti ya ndani inaendelea kunywa umeme usiku kucha. Mara ya tatu nilipofungua kifuniko nilikuta kibati kinachoshika betri kimeota unga wa kijani, mwepesi, kama ukungu juu ya mkate wa juzi. Niliukwangua kwa ncha ya pini, na baada ya siku kumi ukawa umerudi. Sasa natumia kalipa ya mistari, ya kusoma kwa macho, inayofika milimita 0.05, haina betri wala sakiti, na kila Ijumaa naifuta kwa tone moja la mafuta ya cherehani. Inataka miwani na subira, basi.

Cha pili ni keekee ya vidole, ya kutobolea kwa mkono, pamoja na pakiti ya biti kumi, kuanzia milimita 0.3 hadi 1.2, na hapa lawama ni yangu mwenyewe. Nilichagua biti za kabaidi kwa kuwa maelezo yalisema ni ngumu kuliko chuma, jambo ambalo ni kweli, lakini kitu kigumu kiasi hicho huvunjika kama kioo, na mkono wa binadamu haujui kusimama wima bila kuyumba. Jioni ya kwanza nilivunja nne nikitoboa matundu ya misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Husikii hata mlio. Unahisi tu kwamba keekee imekuwa nyepesi ghafla, na kumbe nusu ya biti imebaki ndani ya mbao. Biti za kabaidi ni za mashine ya kutobolea iliyofungwa mezani. Kwa kazi ya mkono chukua biti za kawaida za chuma, ambazo angalau hupinda kidogo na kukupa onyo.

La tatu ni gundi, na hili nalileta kama swali. Niliagiza chupa tatu za supa gluu kutoka nje; zilikaa njiani wiki nyingi na moja ikafika imeganda kama jiwe. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alijibu kwamba ilitoka kwake ikiwa nzima. Mbili zilizobaki niliziweka kwenye friji kama tulivyozoea kuambiwa. Mojawapo ikaganda shingoni siku tatu baada ya kuifungua, na ile nyingine kila ninapoitumia inaacha utando mweupe pembeni ya kiungo, mfano wa chumvi iliyokauka juu ya mwamba, hasa kwenye mbao nyeusi. Mwenye elimu ya jambo hili anieleze nakosea wapi.

Kifuu (Bagamoyo)

Waalaikumu salaam, ndugu Tezo. Supa gluu haikauki kwa kupoteza maji kama inavyokauka gundi nyeupe ya mbao. Kinyume chake, maji ndiyo yanayoigandisha. Ule unyevu mwembamba uliolala juu ya kila kitu ndio unaoanzisha kazi. Sasa hewa yetu, ambayo asubuhi ya masika unakaribia kuikamua kama nguo, inaigandisha upesi, na mvuke wa gundi unaopaa kutoka kwenye kiungo unakutana na unyevu huo huo, unaganda hewani, kisha unatua kama vumbi jeupe. Huo ndio utando wako. Tia gundi kidogo zaidi, kwa ncha ya sindano badala ya mdomo wa chupa, weka feni ndogo ipeperushe mvuke upande mwingine, na usiifunike modeli kwa boksi kabla saa kadhaa hazijapita.

Friji si kosa. Kosa ni kuitoa chupa na kuifungua papo hapo. Chupa ya baridi ikifunguliwa katika chumba chenye joto inavuta umande ndani yake, kama vile gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Iache nje saa moja au mbili ikiwa imefungwa, ndipo uifungue, na ukishaifungua isirudi kwenye friji tena. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Yangu moja niliitunza hivyo ikanifikisha mwisho wa chupa, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

Kuhusu ununuzi wangu, nimechukua kisu cha Olfa chenye wembe wa kukatwa vipande. Wembe wa aina hiyo ulibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, ambaye aliwaona mafundi viatu wakitumia vipande vya kioo na kuvivunja upya kila makali yalipoisha, akakumbuka pia jinsi chokoleti inavyokatika kwa kufuata mistari yake. Faida yake kwetu ni kwamba kutu ikishika ncha hupotezi wembe mzima; unavunja kipande kimoja na kuendelea. Nilikuwa nanoa visu vyangu kwenye jiwe kwa ukaidi wa kifundi, na nakiri kwamba kwa kukata ubao wa milimita 0.8 ukaidi huo ulikuwa unanigharimu mbao.

Msasa nao una neno lake. Ule wa karatasi ya kahawia usiununue kwa wingi, kwa sababu karatasi yake inajikunja kwa unyevu na chembe zinabanduka kabla hujafika popote. Nunua msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapiga rangi za magari, namba 240, 400 na 600. Na kwenye sehemu zenye mviringo mimi bado namalizia kwa jani la msasa wenyewe, yaani ule mti uliolipa karatasi hii jina, kwa sababu jani linafuata umbo bila kulitafuna. Hilo halinunuliwi.

Reli ya Mezani (Chumbageni, Tanga)

Nawasalimu wote. Mimi si mtu wa vyombo vya majini. Ninajenga njia ya reli ya Tanga kwenda Muheza kama ilivyokuwa zamani, kwa kipimo cha 1:87. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na upana wake ni mita moja kamili. Haya nimeyajua tangu nikiwa mtoto, na bado nilipoagiza vipande vya reli sikupiga hesabu, bali nilinunua zile zinazouzwa kwa wingi kwa kipimo cha 1:87, ambazo zina upana wa milimita 16.5. Zilipofika nikaweka juu yake behewa nililolichonga kwa miezi miwili, nalo likasimama kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Zidisha 16.5 kwa 87 utapata milimita 1435, na huo ni upana wa reli za Ulaya, si wa yetu. Gawanya milimita 1000 kwa 87 utapata 11.5, kwa hiyo ya kununua ni ile ya milimita 12. Sikuzitupa zile za mwanzo, kwa kuwa 1435 ndiyo upana wa SGR, reli yetu mpya, pia, na kijana wangu amezichukua zote ajengee njia ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Anasema mwendo wa treni yake utaniacha Muheza. Ni kweli.

Linalohusu hewa ya bahari ni madini ya reli zenyewe. Mara ya pili nilikuwa na uchaguzi wa chuma, shaba ya njano na nikeli-silva, ambayo pamoja na jina lake haina fedha ndani yake bali ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Chuma nilikijaribu kwa kipande kimoja kidogo nilichokiacha dirishani, na kabla ya mwezi kwisha kilikuwa chekundu. Shaba ya njano haishiki kutu hiyo, ila inafanya utando unaozuia umeme kupita, hivyo injini inakwenda kwa kushtuka kama mtu mwenye kwikwi, na ni lazima uisugue kila mara. Nikeli-silva nayo inafubaa, lakini utando wake hauzuii umeme kwa kiasi hicho. Nimeilipia bei iliyoniuma, na sasa naifuta mara moja kwa wiki kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa anayeishi Dodoma ningemwambia anunue ya shaba aokoe fedha. Kwa anayeishi hapa, ambako hata bawaba za madirisha zinalia, hapana.

Nanga (Pangani)

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi kisanduku changu cha zana nakitilia mchele mkavu kwenye kitambaa na sijaona haja ya kununua vipakiti. Pili, ndugu Tezo, kamba za jahazi lako kwa nini usisokote za mkonge, na mkonge ndio huu tuliozaliwa nao?

Kifuu (Bagamoyo)

Ndugu Nanga, mchele unanyonya unyevu kidogo sana, tena ukishashiba haukuambii. Juu ya hayo unaalika fukusi, nami nimewahi kufungua kisanduku nikawakuta wanatembea juu ya brashi zangu. Zile chembe za kukausha unyevu zinazobadilika rangi hazina bei kubwa, na zikishabadilika unazimwaga kwenye sinia na kuzitia kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, kwa saa mbili, zinarudi kuwa mpya. Usizioke zikiwa ndani ya karatasi yake. Suala la mkonge namwachia anayelijua.

Brashi ya Hewa (Makorora, Tanga)

Habari zenu kaka zangu. Mimi nimenunua brashi ya hewa, ile ya kunyunyizia rangi, yenye nozeli ya milimita 0.3 pamoja na kompresa ndogo yenye tangi, na kwa mwezi mzima nilijuta. Rangi ilikuwa inatoka vizuri kwa dakika kumi, kisha ghafla tone la maji linaruka katikati ya kazi na kuacha duara. Niliponyunyizia laka ya kung'arisha wakati wa mvua, sehemu yote ya tezi, yaani nyuma ya chombo, ikawa nyeupe kama iliyopuliziwa maziwa.

Nimejifunza kwamba hayo ni matatizo mawili yenye mzazi mmoja. Kompresa ikiibana hewa inaipasha moto, na hewa ya moto inaficha maji yake. Inapopoa njiani ndani ya mpira ndipo maji yanapotoka. Mimi nilikuwa nimefunga kichujio cha maji kwenye kompresa yenyewe, ambapo hewa bado ni ya moto, kwa hiyo kilikuwa pambo. Nikanunua mpira mrefu wa mita tatu, nikauzungusha ndani ya beseni la maji, nikahamishia kichujio upande wa brashi, na sasa nusu saa ya kazi inanijazia karibu kijiko cha maji kwenye kikombe chake. Kijiko hicho chote kilikuwa kinaishia kwenye modeli. Tangi nalo lifunguliwe chini kila jioni limwage maji, la sivyo linaoza kwa ndani.

Weupe wa laka una sababu nyingine: thina inapokimbia inapoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unatua pale kabla laka haijakauka. Dawa yake ni kungoja. Siku za masika sigusi laka kabisa. Ninapaka akriliki ya maji, na kazi ya kung'arisha naiweka hadi kaskazi, saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kukausha chumba. Ile tezi niliipitia tena kwa thina ya kukauka polepole siku yenye jua, ikarudi kuwa wazi.

Angalizo kwa wanaoagiza: enameli, laka na thina ni vitu vinavyoshika moto, hivyo kwa kawaida havikubaliwi kwenye posta ya ndege. Kifurushi changu kimoja kilifika bila thina na bila maelezo. Thina inunuliwe kwenye maduka ya rangi za magari hapa hapa mjini, na uijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki usichokihitaji, kwa sababu iliyo kali huyeyusha.

Deheni (Tanga)

Wanangu, nimesoma yote. Mimi vyombo nimeviunda vya kweli kabla magoti hayajakataa, na hivi vidogo naviunda barazani kwa ajili ya wajukuu, kwa hiyo nitasema machache.

Mkonge, kijana wa Pangani, ni heshima yenu, kwani ulipandwa kwanza Kikokwe huko kwenu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Lakini unyuzi wake ni mnene na mkaidi. Kamba ya milimita 20 kwa kipimo cha huyu mwenzetu ni milimita 0.4, na ukisokota mkonge hadi hapo unapata kitu chenye ndevu kinachokataa kupita kwenye kapi. Tumia uzi wa pamba wa cherehani, nyuzi tatu, uzisokote kinyume na msokoto wake wa asili, kisha uzipitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Nta inalaza ndevu na inazuia uzi usilegee na kukaza kila mvua ikija na kuondoka, jambo ambalo nimeona likivuta mlingoti wa modeli ukaenda upande. Nta unapata kwa wauza asali, usichukue mshumaa.

Kapi usinunue za plastiki. Kifuu cha nazi iliyokomaa kinakatika kwa msumeno mwembamba, hakipasuki kikitobolewa taratibu, na kikisuguliwa kinatoa rangi ambayo hakuna atakayekuuzia. Tanga ulishone kwa bafta. Kitambaa cha marekani ni kizito mno na nyuzi zake zinaonekana kama mikeka kwa kipimo hicho. Lichovye kwenye maji ya chai kwanza, maana tanga jeupe pe halijasafiri.

Mbao, mnajua wenyewe kwamba Muheza kuna shamba la mitiki la Longuza, na kwa mafundi samani huku mjini vipande vya mtiki vinavyobaki mnapewa kwa bei ya chai. Ubaya wake ni mafuta. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayoufanya usioze baharini, na mafuta hayo hayo yanaikataa gundi. Uufute kwa kitambaa chenye thina pale utakapogundisha, ungoje ukauke, na uugundishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukiuacha hadi kesho mafuta yatakuwa yamepanda tena. Na anayepiga msasa mvule avae barakoa yenye kichujio, si ile ya kitambaa. Vumbi la mvule linawasha ngozi na linaingia kifuani. Kikohozi changu cha asubuhi nadhani kina sehemu yake.

Tezo Ndogo (Raskazone, Tanga)

Shikamoo, mzee Deheni, na ahsante sana. Nimekuwa nikilaumu gundi kwa muda wote huu, na kumbe mbao zangu ni mtiki na sikuwahi kuzifuta hata mara moja. Jana nilichukua vipande viwili vya ubao vilivyobaki, kimoja nikakifuta kwa thina na kingine nikakiacha, nikavigundisha vyote kwenye taruma moja kwa gundi ile ile ya mbao. Leo asubuhi kile kisichofutwa kimebanduka kwa ukucha. Kile kingine nilikivuta kwa koleo, na ubao ukapasuka kabla kiungo hakijaachia.

Supa gluu nimeihamishia kwenye kopo kama alivyoeleza Kifuu, na nimeamua kuitumia kushikizia tu, kazi ya kubeba ifanywe na gundi ya mbao pamoja na vijiti vya kupigilia. Kapi za plastiki nilizokuwa nimekwisha kuagiza zitabaki kwenye pakiti yake. Nina vifuu vitatu vimeanikwa ukutani.

Kilichonikwamisha sasa ni kidogo. Matundu ya kapi yanataka biti ya milimita 0.6, ya chuma cha kawaida, na ile yangu ya kabaidi ya kipimo hicho ni mojawapo ya nilizovunja. Madukani Ngamiani nimepata kuanzia milimita 1 kwenda juu.

Kifuu (Bagamoyo)

Ninazo mbili za 0.6. Moja nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi, nimeichoma kwenye kipande cha sabuni ili isivunjike wala isipate kutu njiani. Sabuni usiitupe, ipitishe biti humo kila unapotoboa kifuu, inapunguza moto.